Sura ya Saba: Kigoda cha Gatsata

Kwenye gereji za Gatsata hakuna anayenunua kiti. Gari likishafumuliwa, injini ikaenda kwa huyu na milango ikaenda kwa yule, viti vyake hubaki ukutani, na hapo ndipo mteja hukaribishwa. Mimi nilikaribishwa kwenye kiti cha mbele cha Corolla, gari ambalo sehemu zake nyingine zilikuwa zimekwisha kutawanyika katika magari mengine ya Kigali. Nilikuwa na rundo la madodoso mapajani. Ilikuwa mwaka 2021.

Asiyeifahamu Gatsata aanzie stendi ya mabasi ya Nyabugogo. Avuke mto, na atakuwa amefika: bonde chini, mlima Jali juu, nyumba zimeukumbatia mteremko, na katikati inapita barabara iendayo Gicumbi mpaka Gatuna, kwenye mpaka wa Uganda. Kiutawala ni kata ya wilaya ya Gasabo. Kwa watu wa magari ni mji wa spea. Kinyarwanda ndiyo lugha ya nyumbani, lakini fundi wa pale na dereva aliyekesha njiani kutoka Mombasa kupitia Kampala wanaelewana kwa Kiswahili, na walikuwa wakielewana hivyo muda mrefu kabla Bunge la Rwanda halijakipitisha kuwa lugha rasmi mwezi Februari 2017.

Fundi mkuu, mzee mwenye mikono iliyokolea grisi hadi kwenye viwiko, alinisikiliza nikijieleza, kisha akauliza: "Mwalimu, wale waliokuja mwaka juzi na karatasi kama hizi, majibu yetu waliyapeleka wapi?"

"Sijui, mzee," nikamjibu. "Mimi nimetumwa na mradi mwingine."

"Basi ninyi ni wengi."

Nilikuwa mkusanyaji wa takwimu katika mradi wa miezi 9, nikilipwa kwa hesabu ya madodoso niliyoyajaza. Maswali yaliandikwa na watu ambao sikuwahi kuwaona. Moja lilitaka kujua chanzo kikuu cha kipato cha kaya, na nafasi ya jibu ilikuwa moja. Mzee alikuwa na gereji, shamba dogo nje ya jiji, chumba alichopangisha katika mtaa wa Karuruma na fungu lake katika kikundi cha akiba. Kipi ni kikuu? Inategemea mwezi, akasema. Niliweka tiki kwenye gereji, nikageuza ukurasa. Tiki ile imenikaa rohoni kuliko jambo lolote nililowahi kuandika.

Kilichonikaa zaidi ni daftari lake. Kila gari lililoingia liliandikwa humo: tarehe, namba, nchi lilikotoka, kilichoharibika, kilicholipwa. Mwishoni mwa Februari 2019 mpaka wa Gatuna ulifungwa, na kuanzia kurasa za Machi mwaka ule namba za Uganda zilitoweka kama zilizofutwa na kifutio. Baada ya hapo mwandiko ulibadilika, kwa kuwa kijana aliyekuwa akiandika aliondoka. Yalifuata magari ya mjini yenye matatizo madogo na malipo madogo. Nililishika daftari lile nikijua kwamba nimeshika kitu chenye thamani kuliko madodoso yangu yote, na kwamba mradi wangu haukuwa na pa kukiweka. Siku yangu ilikuwa imepangiwa kaya 8. Nililirudisha, nikashukuru, nikaondoka.

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni mtu wa namna gani angeweza kubaki. Namaanisha mtu mwenye elimu ya kulisoma daftari lile, mwenye mshahara usiokatika mwezi wa 9, na mwenye ruhusa ya kujiulizia maswali yake mwenyewe. Vyuo vikuu vya dunia vina jina la mtu huyo, na jina lenyewe ni samani. Wanamwita mwenye kiti.

Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufundishwa jambo hili kwa maneno ya kigeni, kwa sababu tunalo neno wakfu. Mtu wa Unguja au wa Mombasa anatenga nyumba au shamba la minazi. Nyumba yenyewe haiuzwi wala hairithiwi. Kodi yake, au mauzo ya nazi zake, ndiyo yanayowasha taa za msikiti, yanayomlipa mwalimu wa chuo, yanayomlisha mgeni. Aliyeweka wakfu anakufa, wajukuu wake wanakufa, na mwalimu wa chuo anaendelea kulipwa. Kiti cha uprofesa cha wakfu kinaendeshwa hivyo hivyo. Fedha inawekezwa, mtaji hauguswi, na kila mwaka hutolewa sehemu ndogo, mara nyingi asilimia 4 au 5, ili kumlipa profesa na kazi yake. Katika dola milioni 1 hiyo ni dola 40,000 au 50,000 kwa mwaka, mwaka huu na mwaka ujao na miaka 100 ijayo, maadamu waangalizi ni waaminifu. Profesa akistaafu, anaingia mwingine. Kiti hakistaafu.

Uingereza walilianza mapema. Lady Margaret Beaufort, mama wa mfalme Henry VII, aliweka wakfu wa masomo ya dini Oxford na Cambridge mwaka 1502. Sayansi za jamii zilisubiri sana. Oxford ilipata kiti cha uchumi, kile cha Drummond, mwaka 1825, na sosholojia ikapata cha Martin White katika chuo cha London School of Economics mwaka 1907. Miaka 2 kabla ya hapo, 1905, Oxford ilikuwa imepokea fedha za Alfred Beit, tajiri wa almasi na dhahabu za kusini mwa Afrika, zikaanzisha kiti cha historia ya makoloni. Hapo pa kutulia kidogo. Mtu aliyetajirika kutokana na ardhi ya Waafrika alinunua mahali pa kudumu pa kuielezea ardhi hiyo. Wakfu unabeba jina la aliyeutoa, na mara nyingi unabeba pia swali lake. Kila anayetamani viti vya aina hii kwetu, nami nikiwamo, lazima aanze kwa kulikubali hilo.

Kwa upande wa Rwanda, habari yenyewe inauma.

Watu wameichunguza Rwanda kuliko nchi nyingi za ukubwa wake. Mwaka 1947 Wabelgiji waliunda taasisi ya utafiti wa Afrika ya Kati, IRSAC, na kituo chake cha sayansi za jamii kikawekwa Astrida, mji ambao baadaye uliitwa Butare na leo unaitwa Huye. Jacques Maquet alifanya kazi pale, na mwaka 1954 akachapisha kitabu kuhusu mahusiano ya kijamii ya Rwanda ya kale. Baadaye akaja Jan Vansina, Mbelgiji aliyewafundisha wanahistoria wa dunia kuyachukulia masimulizi ya mdomo kama ushahidi unaopimika. Alisimamia kazi ya kuyaandika masimulizi ya Wanyarwanda kabla ya uhuru. Padri Alexis Kagame, mwana wa nchi, alikuwa amekwisha kufanya kazi ya namna hiyo kwa miaka mingi, akiwasikiliza watunza mashairi na siri za ufalme, na mwaka 1956 akatoa kitabu cha falsafa kilichojengwa juu ya sarufi ya Kinyarwanda chenyewe.

Halafu kikaja chuo kikuu, hapo hapo Butare, Novemba 1963, kikiwa na wanafunzi 51 na walimu 16. Mkuu wake wa kwanza alikuwa padri Georges-Henri Lévesque, Mdominikani wa Québec. Huyu hakuwa padri wa kawaida. Mwaka 1938 alikuwa ameanzisha shule ya sayansi za jamii katika chuo cha Laval, na wanafunzi wake wakaisumbua serikali ya Québec kwa maswali ambayo waziri mkuu Maurice Duplessis hakupenda kuyasikia. Mtu wa aina hiyo ndiye aliyewekwa kuanzisha chuo cha Rwanda, na sayansi za jamii zikawamo tangu mwanzo, pamoja na udaktari na ualimu.

Sasa tufuate viti. Vansina alikwenda Wisconsin, Marekani, na huko akapewa uprofesa wa Vilas, unaolipwa kwa mali ya William Vilas, seneta aliyefariki mwaka 1908 na kukiachia chuo urithi wake. Kutoka hapo ndipo alipoandika historia ya ufalme wa Nyiginya, iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2004. David Newbury, aliyetafiti kisiwa cha Ijwi katika ziwa Kivu na historia ya Rwanda, alikalia kiti cha Gwendolen Carter katika chuo cha Smith, Massachusetts. Mahmood Mamdani, mwana wa Kampala, alipotoa mwaka 2001 kitabu chake kikubwa juu ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, alikuwa tayari New York, profesa wa kiti cha Herbert Lehman katika chuo cha Columbia. Wote hawa nawaheshimu. Vitabu vyao viko mezani kwangu, vimechakaa. Hata hivyo, ukichora ramani ya mahali ambapo mtu analipwa maisha yake yote ili aifikirie Rwanda, alama zitaangukia Wisconsin, Massachusetts na New York.

Butare kwenyewe, mwaka 1994 uliwaua walimu na wanafunzi, na wengine walikuwa miongoni mwa wauaji. Chuo kilifunguliwa tena mwaka 1995. Mwaka 1999 kikaunda kituo chake cha kuchunguza migogoro, na mwaka 2013 vyuo vya umma vikaunganishwa kuwa Chuo Kikuu cha Rwanda. Waliorudi kufundisha walirudi kwenye ofisi zenye makabati yaliyovunjwa, wakifundisha madarasa makubwa, na swali la nani atalipia utafiti lilijibiwa na waliokuwa na fedha: mashirika, balozi na miradi.

Kwa hiyo mhadhiri akawa mshauri elekezi. Ninayajua maisha hayo. Simu inapigwa, hadidu za rejea zinatumwa, tarehe ya mwisho ni wiki 6 zijazo, na hitimisho lake unaweza kulinusa ukurasa wa kwanza. Ripoti inakabidhiwa, inawekwa kwenye kabati la aliyeilipia, na mhadhiri anasubiri simu nyingine. Mamdani alipochukua uongozi wa taasisi ya utafiti wa jamii ya Makerere mwaka 2010, alilisema wazi jambo hili: ushauri elekezi unamfundisha msomi kujibu maswali ya wengine, na kazi ya kuunda swali inamponyoka. Akajibu kwa kuanzisha shahada ya uzamivu yenye miaka ya kusoma na kubishana kabla ya mtu kwenda uwandani. Wapo waliomlaumu kwa namna alivyoiongoza taasisi, na lawama hizo zina historia yake. Hata hivyo, ugonjwa alioutaja ni ule ule niliokwenda nao Gatsata nimeubeba mapajani.

Mfano wa karibu zaidi wa dawa uko Dar es Salaam. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kigoda cha Mwalimu Nyerere cha Umajumui wa Afrika. Nalipenda neno hilo, kigoda. Lingeweza kuwa kiti, lingeweza hata kuwa kiti cha enzi, wakachagua kile kidogo cha miguu mifupi ambacho kila nyumba inacho, anachokalia bibi akisimulia. Aliyekikalia kwanza ni Issa Shivji, mwanasheria mzaliwa wa Kilosa, ambaye kabla ya hapo alikuwa amefundisha sheria pale pale kwa miongo kadhaa. Baada yake akaja Penina Mlama, mwandishi wa tamthilia.

Kigoda kilifanya nini? Kilialika watu. Kati ya mwaka 2009 na 2013 mihadhara ya Mwalimu Nyerere ilitolewa na Wole Soyinka, Samir Amin, Bereket Habte Selassie, Micere Githae Mugo na Thandika Mkandawire. Fikiria mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kutoka Sumbawanga, ameketi ukumbini Mlimani, akimsikia Samir Amin bila kulipa nauli ya ndege. Kilikuwa na jarida, Chemchemi, lililochapisha kwa Kiswahili na Kiingereza. Na Shivji, pamoja na Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata, waliendelea na kazi iliyozaa wasifu wa Nyerere wa juzuu 3, uliotoka mwaka 2020. Hakuna mradi wa miezi 9 unaozaa juzuu 3. Kazi kama ile inahitaji mtu apekue nyaraka mwaka mzima, agundue kwamba alikosea, arudi kuuliza upya wazee ambao baadhi yao, wakati huo, wamekwisha kufariki.

Sitaki msomaji adhani kwamba kiti kinatosha. Kisa cha Archie Mafeje kinanizuia. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa kazi ya kufundisha anthropolojia, kisha kikaiondoa kwa shinikizo la serikali ya makaburu. Wanafunzi walikalia jengo la utawala kupinga, na hawakushinda. Mafeje akaja kwetu, akaongoza idara ya sosholojia Dar es Salaam hadi mwaka 1971. Mwaka 1973 Uholanzi ikampa kiti chenye jina la malkia wao, Juliana, katika taasisi ya sayansi za jamii ya The Hague. Miaka 20 baadaye, ubaguzi ukiwa unaanguka, aliomba kiti kipya cha masomo ya Afrika pale pale Cape Town, kilichopewa jina la A.C. Jordan, mwandishi wa Kixhosa aliyefia uhamishoni mwaka 1968. Akakataliwa tena. Mwaka 1996 kiti kilikwenda kwa Mamdani, ambaye naye alikorofishana na chuo kuhusu namna ya kufundisha Afrika, akaondoka. Mafeje alifariki mwaka 2007. Mwaka 2008 chuo kiliomba radhi kwa familia yake.

Kiti kinaweza kubeba jina la Mwafrika mkubwa na kikamkataa Mwafrika mkubwa aliyesimama mlangoni. Na tazama hili: mwaka 1991 Mafeje alikuwa ametoa kitabu, kupitia baraza la utafiti la CODESRIA la Dakar, juu ya falme za maziwa makuu, Rwanda ikiwamo. Alihoji humo kama maneno tuliyoyarithi, kabila, tabaka, ukabaila, yanatosha kueleza jinsi wafugaji na wakulima wa nchi hizi walivyoishi pamoja. Kitabu kile kilitoka miaka 3 kabla ya mwaka 1994. Mwandishi wake hakuwa na kiti popote kati ya Kampala na Bujumbura.

Kigali ya leo haina uhaba wa viti vyote. Taasisi ya hisabati ya AIMS, iliyofunguliwa Rwanda mwaka 2016, imekuwa na viti vya utafiti vya Kijerumani katika hisabati, vikisaidiwa na wakfu wa Alexander von Humboldt. Nafurahia kila kimoja. Lakini namba za daftari la Gatsata haziwezi kujieleza kwa hisabati peke yake. Mtu anatakiwa kujua kijana aliyeacha kuandika mwezi Machi alikwenda wapi, alirudi au la, na nani alimlipia nauli.

Na Gatsata haikungoja. Mpaka ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Kwenye miteremko, kaya zilizohesabiwa kuwa katika maeneo hatarishi kwa maporomoko zimehamishwa. Bondeni, jiji limekuwa likiondoa shughuli kwenye ardhi oevu ili maji yapate njia, na mafundi wamehama na jeki zao. Yapo maamuzi humo ninayoyaona ya lazima, kwa maana mvua ya Kigali inaua. Kila uamuzi, hata hivyo, una miaka 10 ya matokeo mbele yake, na hakuna aliyeajiriwa kuitazama miaka hiyo 10.

Ningekuwa na sauti mbele ya baraza la chuo, ningeomba kiti kimoja, cha elimu ya jamii ya miji, fedha yake itoke kwa watoaji wengi wadogo badala ya mmoja mkubwa: wafanyabiashara wa spea, vyama vya akiba, Wanyarwanda walioko Brussels na Montréal, hata serikali, mradi hakuna anayefikia kiasi cha kuamua swali. Atakayekikalia asiondolewe kwa sababu ya alichokigundua. Afundishe mwaka wa kwanza. Awe na fungu la kuwalipa vijana wa Karuruma kuandika madaftari kwa Kinyarwanda na Kiswahili, na yatunzwe mahali ambapo mzee mwenyewe anaweza kwenda kuyasoma. Wanyarwanda hawatashangazwa na jambo la kiti. Mkuu wa taasisi yao ya urithi wa utamaduni, iliyoundwa mwaka 2020, anaitwa rasmi Intebe y'Inteko, yaani kiti cha baraza. Cheo na samani ni neno moja.

Nilirudi Gatsata mwishoni mwa mwaka 2022, bila mradi. Gereji haikuwapo pale ilipokuwa. Muuza matairi alinielekeza juu zaidi, na huko nikamkuta mzee chini ya bati jipya, kiti cha Corolla kikiwa kimehama naye.

"Mwalimu, umerudi," alisema. "Safari hii umetumwa na nani?"

"Na mimi mwenyewe, mzee. Nimekuja kwa ajili ya daftari."

Alilitoa ndani ya mfuko wa plastiki. Kurasa za 2019 zilikuwa zimelowa pembeni, wino umesambaa. Nilianza kupiga picha kwa simu, ukurasa mmoja mmoja, naye akinisomea namba zilizofifia. Tulifika Agosti 2020 mvua ilipoanza kugonga bati na mteja akaingia akisukuma pikipiki, na mzee akaniomba nisogeze kiti.